Kwa Nini Tulipita Njia Fupi

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu za mdogo wako. Naomba barua hii ikukute mzima, na kile kikohozi cha shemeji kiwe kimetulia. Sisi tunalala, tunaamka. Kazi ya kuvisha viti vitambaa haijakauka. Juzi nimemaliza makochi ya hoteli, na vidole bado vimejaa matundu ya sindano.

Ujumbe wako nimeupata. Umesema nimekupita kama mgeni, maana ile njia ndefu ya mahujaji inapita mlangoni pako, na wewe ulikwisha kututandikia vitanda. Una haki ya kununa. Nisikilize kwanza, halafu uninunie ukitaka.

Ni kweli niliahidi tutatembea siku tatu. Tangu mama yao atangulie, wanangu hawa wawili wanaonana kwa simu tu, nikataka twende kanisa la mlimani kwa miguu, tule pamoja, tuombe pamoja. Kisha nikabadili. Nikachagua kile kijia kinachoanzia kituo cha mwisho cha mabasi, safari ya asubuhi moja. Nikawaambia magoti yangu hayataki tena makubwa.

Mwanangu wa kiume, yule dereva wa malori, alinicheka njia nzima. Alisema hata tela bovu lingenipita. Kila penye kivuli nilikaa nikajisugua magoti, na dada yake akakaa kando yangu. Kwenye mlima wa mwisho nilikaa sana, mpaka kaka mtu akachoka kusubiri, akatangulia na mizigo yetu yote huku anaimba. Hapo binti yangu akanishika mkono, akaniambia, "Baba, hujui kuigiza hata kidogo. Lakini asante."

Dada, magoti yangu ni mazima. Anayeumwa ni yeye.

Kabla ya safari alikuja karakana, akakaa kwenye kiti nilichokuwa nimekivua kitambaa, akanieleza kuwa moyo wake umechoka, na kwamba madaktari hawana tena dawa ya kuuponya, wana ya kuutuliza tu. Kutembea kidogo walimruhusu. Alitaka siku moja atembee na kaka yake bila kuhurumiwa, akaniapisha nisiseme. Alipoondoka nilikata kitambaa kikaenda upande, nikakata kingine, nacho kikaenda upande. Nikafunga kazi.

Tulifika. Alimwashia mama yake mshumaa, akasimama kwa miguu yake mwenyewe mpaka sala ikaisha.

Jana ameniruhusu nikuambie wewe, shangazi yake. Kaka yake bado hajui; binti atamwambia kwa kinywa chake mwenyewe, kijana akirudi safari. Binti nimemhamishia kitanda chumba cha mbele, chenye dirisha la barabarani, maana ngazi hazipandi tena. Njoo, dada. Usingoje nikuite mara ya pili.

Jambo moja sijamwambia mtu. Tulipokuwa tunashuka, kaka yake alisema mwakani twende ile ndefu, tulale kwako, akamwambia dada yake achague mwezi. Mimi nikatazama chini. Yeye akafikiri kidogo, kama mtu anayechagua kweli, akasema mwezi wa sita, matope yakiwa yamekauka. Kaka yake akafurahi, akasema ataomba likizo mapema.

Msalimie shemeji na wote wa hapo nyumbani. Mungu akulinde njiani.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi Viti