Binti Yangu Hakuinama Kaburini kwa Mama Yake

Mama mshauri, naomba unisaidie, mimi si mtu wa kuandika, nivumilie. Majina yabadilishe.

Mke wangu Rodica alikufa mwaka jana. Mimi ni kibarua, napasua mawe machimboni. Nina mtoto mmoja, Ilinca, ana miaka kumi na sita, anacheza jimnastiki timu ya taifa, yuko kambini tangu meno ya utotoni hayajamwisha, na kiangazi hiki kuna mashindano makubwa na kila mtu anasema kwenye boriti, ule mti mwembamba wanaorukia juu yake, hakuna wa kumshinda.

Juzi tulimfanyia mama yake kumbukumbu ya mwaka. Kocha akampa ruhusa. Padri alipomaliza kusoma nikampa Ilinca mshumaa auchomeke kaburini. Akasimama tu. Nikasema weka. Akasema, "Baba, niwekee wewe." Watu wanatuangalia. Veta, dada wa marehemu, mdomo wake hauna kufuli, akasema, "Hee! Bingwa anaogopa tope! Kwenye televisheni anajikunja kama uzi, kwa mama yake amekuwa gogo." Damu ikanipanda, nikamwambia mbele za watu, unamwonea mama yako aibu? Nikachomeka mwenyewe. Halafu ile ngano tamu inayopikwa kumkumbuka marehemu, ambayo kwetu hata mpita njia anakula kijiko, akaitia mdomoni akaitema kwenye leso. "Kesho napimwa uzito, Baba."

Nyumbani nikamkuta amelala chali sakafuni anavaa viatu, mguu anauvuta kwa mikono, jasho linamtoka. Ndipo nikajua. Hawezi kuinama. Akasema ni tangu theluji ya kwanza, na mguu mmoja unakufa ganzi, na kambini wanamchoma sindano ndipo anapanda boriti. Nikasema hurudi tena kule. Akanishika koti. "Ukinitoa mimi ni nani, Baba? Hata yai sijui kukaanga. Mama alinipeleka mazoezini kwa miguu kwenye theluji, unataka iwe bure?" Akaniapisha kwa kaburi la mama yake nisimwambie mtu mpaka mashindano yaishe. Nikaapa, nilikuwa nalia, sikufikiri.

Nilipomrudisha nikamuuliza kocha juujuu tu, mgongo wa mtoto vipi? Akacheka. "Mzee, wewe unapasua mawe, wako hauumi?"

Unauma. Lakini mimi nainama.

Nikisema, navunja kiapo cha kaburi na mtoto simpati tena. Nikinyamaza, anapanda tena. Nifanye nini?

Baba Ilinca

*

Baba Ilinca, pole sana. Majina nimeyabadilisha, na mengine nimeyakata ili msijulikane. Sasa nisikilize.

Kiapo umeshakivunja, siku ile ulipoitia barua hii posta. Kwa hiyo usijifiche nyuma ya kaburi. Rodica angekuwa hai angeshamtoa kule kwa mabavu, na wewe unalijua hilo. Unachotaka ni mtu mwingine atamke. Haya, natamka.

Kesho usiende machimboni. Nenda kambini asubuhi, mwambie kocha unamchukua mtoto wako. Usibishane, usitukane, na daktari wao usimkubali. Akikuuliza tena habari ya mgongo wako, mwache acheke peke yake. Mpeleke hospitali ya mkoa, apigwe picha ya mgongo, na ya sindano na ganzi uyaseme yote, hata akikufinya.

Sitakudanganya kwamba atapumzika kidogo halafu arudi. Mguu ukishakufa ganzi, huenda mambo ya boriti yameisha. Na atakuchukia. Atakuita mwongo, atasema umemzika mama yake mara ya pili. Usijitetee. Mwekee chakula mlangoni. Ukikuta sahani imejaa, iondoe, weka nyingine, wala usiseme neno. Mtoto aliyetema ngano ya mama yake kwa kuogopa mizani, hilo nalo ni ugonjwa, mwambie daktari.

Halafu muombe radhi. Ulimkaripia mgonjwa mbele za watu, baba mzima! Na Veta umfunge mdomo wewe mwenyewe, mbele ya watu walewale.

Yai mfundishe kukaanga. Akikataa, kaanga wewe, aone.

Mwakani mtasimama tena pale kaburini. Sijui kama atakuwa anakusemesha. Mimi nataka kitu kimoja tu: apige magoti, auchomeke mshumaa kwa mkono wake, na ainuke bila kushikwa.