Joho la Bega la Kushoto

Jumapili, 4 Mei
Nimemkosea Kaka Bahati. Naandika kabla sijaanza kujitetea.
Baada ya ibada, chai na maandazi kama kawaida, hapa ughaibuni, Guildford. Kaka akaja amevaa nguo aliyojishonea ya harusi ya Neema, binti yangu. Ameiga picha ya zamani ya Kifaransa, bwana mkubwa wa enzi za wafalme. Suruali inaishia magotini. Tepe kila mahali. Lesi shingoni. Joho fupi limening'inia bega moja. Wanaume wakacheka. Mimi nikacheka kuwashinda. Nikasema, "Kaka, kitambaa kilikuishia?" Nikalivuta joho. Likaanguka.
Mkono wake wa kushoto ukabaki wazi, ule uliopindwa na mashine kiwandani. Akaokota joho, akaondoka.

Jumatatu, 5 Mei
Shifti ghalani Ingleburn. Maboksi. Nimempigia mara nne. Hapokei.

Jumatano, 7 Mei
Neema amejua. Kwetu baba mkubwa ndiye anamwingiza bibi harusi kanisani. Kaka amemwambia atafute mtu mwingine. Neema kanisemesha kwa Kiingereza, kama anavyofanya akikasirika: bila Baba Mkubwa ataingia peke yake. Harusi ni tarehe kumi na saba.
Nina aibu.

Ijumaa, 9 Mei
Nimeenda Doonside, kwenye gereji anamoshonea. Hakuwepo. Shemeji akanifungulia. Picha iko ukutani. Leo ndiyo nimeiangalia. Joho limemfunika yule bwana mkono wote, na bado amesimama kama mwenye nchi. Begani Kaka ameandika kwa penseli: mkono unapumzika hapa.
Mjinga mimi. Nilidhani anajifanya mfalme. Kumbe alitaka amshike mtoto wangu bila watu kuukodolea macho ule mkono.
Nimemngoja. Nimemwomba msamaha, halafu nikaomba anishonee kama yake. Akachukua futi, akanipima. Kufika miguuni akasema, "Vigimbi huna. Mabwana hawa walitamba kwa vigimbi."
Shemeji akacheka mlangoni. Nami nikacheka. Nampenda sana huyu mtu.

Jumapili, 11 Mei
Mvua. Kaka amekaa karibu yangu kanisani. Amesema atamwingiza Neema. Joho langu limebaki pindo tu.
Jumamosi tarehe kumi na saba, saa nne asubuhi, nitasimama mlangoni mwa kanisa, tepe magotini, joho bega la kushoto. Nitamwomba radhi mbele ya wanaume wale wale, wasikie. Ndipo aingie na Neema. Mimi nyuma yao.