Dada, Nimemwita Mwanao Msindikizaji

Dada Subilaga,

Huu ni mwaka wa pili tangu tukulaze pale nyuma ya migomba, na sijawahi kukuandikia. Wala kaburini siji sana, unajua mwenyewe. Leo naandika kwa sababu nimekukosea, na nimekukosea kupitia mwanao.

Nianze na habari. Nilihamishiwa shule yetu ya Ikuti, ile ile tuliyosoma. Naishi Msasani hii ya huku kwetu mjini, kila asubuhi napanda bodaboda na koti langu la mvua. Nafundisha darasa la saba, na Tumpe wako yumo. Nyumbani ananiita mjomba, shuleni mwalimu, hakosei hata siku moja. Anasoma kwa sauti yako. Sisemi inafanana. Ni yako, dada, pamoja na kule kukwama kidogo kabla ya neno gumu. Mvua ikipiga bati na yeye akisoma, mimi nikiwa nimeelekea ubaoni, huwa sigeuki haraka. Naogopa kuona ni nani aliyekaa pale.

Halafu najiendeleza. Nasoma digrii ya ualimu wakati wa likizo, na kuna somo la sosholojia ya elimu. Mkufunzi alituuliza: kwa nini watoto wawili wa nyumba moja, mmoja afaulu na mwingine afeli? Wenzangu wakasema ni akili tu. Mimi nikafungua daftari, maana hao watoto wawili nilikuwa nawajua.

Nikaandika kurasa sita. Nikaandika kwamba mmoja alichelewa miaka mitatu kuanza shule kwa kuwa alibaki nyumbani kumbeba mdogo wake mgongoni, mpaka wakaingia la kwanza pamoja. Kwamba yule mdogo, kwa kuwa ni wa kiume, alipelekwa miaka miwili kwa shangazi Msasani mjini, kwenye nyumba ya watu wanaoamkiana kwa Kiswahili, na huyu wa kike akabaki na Kinyakyusa chake, kuni zake na majani ya chai ya kuchuma. Kwamba shule ilikuwa inapima ulimi ikidhani inapima akili. Kwamba mwalimu akishambandika mtoto jina, mtoto hulivaa. Jina lako sikuliandika. Niliandika "mwanafunzi wa kike, kijijini". Nikapata A. Kwa kufeli kwako wewe, mimi nilipata A!

Yapo ambayo sikuyaandika. Ile nusu na robo iliyokuwa inanishinda, ulinifundisha wewe ukimenya ndizi za kupika. Ulizikata, ukanipangia vipande juu ya jani, nikikosea unakirusha kipande chunguni na kusema, "Hicho kimeliwa na mjinga." Wala sikuandika ile siku mwalimu wetu alipokusimamisha useme "rangi". Ukasema "langi". Akakurudisha, ukasema tena "langi", darasa zima likacheka. Na mimi, niliyekuwa nimerudi kutoka Msasani na "r" yangu mpya, nilicheka kuliko wote. Uliniangalia mara moja tu. Tangu siku ile hukunyoosha tena mkono.

Matokeo yalipotoka mimi nikapita, wewe hukupita. Watu wakasema, aa, Subi alikuwa msindikizaji, alikuwa anawasindikiza wenzake kwenye mtihani. Nawe ukalichukua neno lao kama lilivyo. Ulibeba tranka langu kichwani kutoka nyumbani hadi barabarani Kiwira, ukalitua, ukasema, "Haya, nimesindikiza. Kasome." Ulikuwa unacheka. Jamani, mimi nilidhani unacheka.

Sasa sikia nilichofanya. Wiki ileile niliyopata hiyo A, nilisahihisha jaribio la Kiswahili. Tumpe alikuwa ameandika: "Wananchi walipanga mstari kupiga kula." Nikaisoma sentensi kwa sauti mbele ya darasa. Wakacheka. Nikaongeza, eti utani, "Huyu naye ni msindikizaji." Lilitoka lenyewe, dada, kama lilikuwa limekaa mdomoni mwangu miaka yote hiyo likinisubiri. Tumpe hakulia. Alifunga daftari lake, akaniangalia mara moja tu.

Nikabaki nimesimama na chaki mkononi. Mtu mzima hovyo.

Kesho yake hakuja shule. Wala keshokutwa. Siku ya tatu nikaenda nyumbani, nikamkuta shambani anachuma chai na mama yetu. Mama akaniambia, kwa Kiswahili chake kile, "Mwalimu wake kasema yeye msindikisaji tu. Sasa aende huko kufanya nini? Kamwambie huyo mwalimu, si mnafanya naye kasi."

Hakujua! Mama hakujua kwamba ni mimi. Tumpe alikuwa amenificha. Akainuka kwenye kikapu chake, akafuta mikono kwenye sketi, akasema, "Shikamoo, mwalimu." Nyumbani kwetu, dada, kwenye chai yetu wenyewe, akaniita mwalimu.

Nikamwambia mama ukweli. Alinipa kisogo akaendelea kuchuma, na bora angenichapa. Nikamwomba Tumpe radhi palepale, maji ya mvua yananitiririka shingoni. Akasema, "Sawa, mwalimu."

Jumatatu mama alimleta mwenyewe mpaka mlango wa darasa, akaondoka bila kunisalimia. Nikasimama mbele ya watoto, nikawaambia nimekosea. Nikawaambia kwamba zamani, kwenye darasa hilihili, nilimcheka hivyohivyo mama yake Tumpe, na alikuwa na akili kunizidi. Wengine wakadhani natania, wakaguna. Kisha nikaandika hesabu ngumu ubaoni, nikauliza nani anaiweza. Baadaye mkono mmoja ukapanda, si wote, mpaka usawa wa sikio tu. Ulikuwa wa Tumpe. Akaja, akaifanya mpaka mwisho, sawasawa kabisa. Nikanyoosha mkono nipokee chaki. Akaiweka mezani.

Basi, dada, nakuacha upumzike. Ndaga fijo, ahsante sana kwa yote ambayo sikukushukuru ukiwa hai. Siwezi kukuahidi kwamba atafaulu, mtihani siutungi mimi. Hata asiponiita mjomba tena, nitamfundisha, na akikosea nitakaa naye mpaka aelewe. Na asipofaulu, sitakubali mtu aseme ni akili yake. Kila atakayeuliza, nitamwambia mwalimu wake nilikuwa mimi.

Mdogo wako,
Anyosisye