Bunduki ya Baba na Mwaka wa Ndeke

Jumatatu, 3 Februari

Sare za shule zimebaki kumi na mbili. Cherehani inakata uzi tena. Nimeitukana, nikamwomba Mungu msamaha, nikaitukana tena.

Chifu amepita dukani. Baba tulimzika Novemba na bunduki yake bado iko kabatini mwangu. Leseni ilikuwa yake, si yangu. Nimepewa hadi Alhamisi niipeleke kituoni. Ni bunduki ya marisau, mitutu miwili, kuukuu. Kitabu cha leseni kililiwa na mchwa, likabaki jalada. Sijui ilitengenezwa wapi wala lini. Polisi watauliza.

Jumatano, 5 Februari

Nimeisafisha. Jivu na waya wa kusugulia sufuria, saa mbili nzima. Mama hakunilea nipeleke kitu kichafu mbele ya serikali. Sasa inang'aa.

Mwanangu Mutinda amepiga simu kutoka Sultan Hamud. Anauliza mbuzi wanapelekwa lini. Wasichana wote wa Ukambani, na yeye amempenda Mwende, binti wa Ndeke wa kijiji cha Tulia.

Niandike kisa mara moja nisikirudie. Baba yangu Nzioka na Kilonzo, babake Ndeke, walifanya kazi kwa mzungu mmoja wa mkonge. Baba dereva wa trekta, Kilonzo mpishi. Bunduki ya mzungu ikapotea. Kilonzo alipigwa, akafukuzwa, na mguu haukupona tena. Miaka ikapita, Baba akaonekana na bunduki. Alisema ameinunua kwa Mhindi Nairobi. Hakuna aliyemwamini. Alieleza mpaka akachoka, akanyamaza. Watu wa Kilonzo hata mazishini hawakuja.

Mimi pia sikumwamini. Hilo sijamwambia mtu yeyote.

Alhamisi, 6 Februari

Kituoni. Anayeshika ghala la silaha ni Sajenti Abdi, mtu wa Garissa, mpole. Aliigeuza bunduki, akaipeleka dirishani, akanitazama.

"Mama, nani ameosha hii kitu?"

Nikasema ni mimi, tena kwa maringo. Alicheka mpaka akakaa chini. Jina la aliyeitengeneza lilikuwa limechorwa juu ya mtutu. Nimelisugua likaisha. Nambari nayo imebaki nusu. Nilitaka ardhi inimeze.

Amenipa risiti. Nirudi Jumanne, ataifungua aangalie ndani.

Jumamosi, 8 Februari

Wazee wetu walipeleka mbuzi watatu wa ntheo Tulia asubuhi. Saa tisa mbuzi walikuwa wamerudi.

Bila ntheo hakuna ndoa kwetu, hata mkipitia kanisani mara tatu. Mbuzi hao ndio mlango. Ndeke hakuwaruhusu hata kunywa maji. Aliwaambia wazee, "Mimi siwezi kula mbuzi ya watu walifanya baba yangu kiwete." Nilimweleza Mutinda kwa simu, akakata. Afadhali angepiga kelele.

Nina hasira na Ndeke. Nina hasira na Baba zaidi.

Jumanne, 11 Februari

Sajenti amechomoa kipande cha mbao kilicho chini ya mitutu. Sikujua kinatoka. Ningejua, huko nako ningepitisha waya.

Chini yake mafuta meusi ya miaka mingi. Alipangusa kwa kitambaa, polepole. Mimi nilifunga mikono yangu nyuma. Zikatokea alama: taji, nambari 12, na kidude kidogo sana, vishoka viwili vilivyopishana, herufi P upande mmoja na B upande wa pili. B, alisema, ni Birmingham, mji wa Uingereza bunduki ilikojaribiwa. Hiyo P ni ya mwaka. Kila mwaka herufi yake, kuanzia A. Ila hakumbuki kama kuna herufi waliyoruka. Amepiga picha, atamwuliza mwalimu wake wa zamani.

Nikiwa dukani nimeshona mikono miwili ya kushoto kwenye shati moja.

Ijumaa, 14 Februari

Hakuna jibu.

Jumanne, 18 Februari

Jibu. Mwaka mmoja baada ya Uhuru. Nimeuliza mara tatu. Sajenti akasema, "Mama, kabla ya hapo hii ilikuwa chuma tu." Ameniandikia barua yenye mhuri.

Basi ile ya mzungu ilipotea lini? Hakuna aliyeandika. Wazee wetu walihesabu miaka kwa njaa, si kwa kalenda.

Nilikuwa nimefika njia panda nikasimama. Kilonzo alipigwa wiki ile mkewe alipojifungua. Kisa hakisimuliwi bila hilo, mama mzazi peke yake na mume hawezi kutembea. Na mtoto alipewa jina la njaa ya wakati ule, Yua ya Ndeke, njaa ya ndege, chakula kilipoangushwa kutoka angani. Kabla ya Uhuru. Ndeke ndiye ushahidi, na amekaa nao maisha yake yote.

Baba hakuiba. Aliinunua kama alivyosema.

Nililia palepale barabarani. Mtu wa boda akasimama akauliza kama nimefiwa. Nikamwambia ndiyo, Novemba.

Jumamosi, 22 Februari

Nimeenda Tulia peke yangu, mwanamke, bila mzee hata mmoja. Si desturi. Nitasemwa.

Ndeke alivaa miwani, akasoma barua mara mbili. Nikamweleza hesabu ya jina lake. Akavua miwani.

"Sasa nani alichukua?"

"Sijui, mzee."

"Baba yangu alikufa akijua ni Nzioka."

Nikamwambia Nzioka alikufa nami nikijua hivyohivyo. Akainuka, akatoka. Nikajua nimefukuzwa, nikaanza kutafuta mkoba wangu. Akarudi na chai, ameibeba mwenyewe. Mbuzi hakuwataja, nami sikuwataja. Aliniuliza kama Baba aliumwa sana mwisho. Nikamweleza yote.

Jumapili, 16 Machi

Mawingu yako upande wa Makueni. Mvua inaweza kuja mapema.

Bunduki nimeiachia serikali. Nimetia sahihi fomu bila uchungu. Nimebaki na picha ya ile P, iko ndani ya Biblia.

Mbuzi walienda tena wiki mbili zilizopita. Dume amechinjwa na kuliwa hukohuko. Majike hawajarudi.

Leo baada ya kanisa Ndeke amenipigia mwenyewe. "Mama Mutinda, ile mbuzi yako nyeusi imezaa. Mapacha. Kuja uone."

Kesho sifungui duka.