Mwalimu, Somo la Sita Ulikosea

Mwalimu Daudi,

Shikamoo. Marahaba nitaiitikia mwenyewe, maana leo nakuandikia nikiwa na hasira.

Tangu tukuzike, kile kijiji chetu cha kwenye kompyuta nimebaki nacho peke yangu. Mizinga inaning'inia mitini kama ulivyoipanga, na ukiisogelea nyuki wanavuma. Unakumbuka ulivyonishawishi turekodi humo video za kufundisha ufugaji? Ulisema, "Nyuki wa humu hawaumi, mwanafunzi atasogea mpaka aone vizuri." Hapo ulisema kweli. Lakini somo la sita, Mwalimu! Uliwaambia watu warine masega yote. Nilikubishia siku ileile, kwamba yenye majana, watoto wa nyuki, yaachwe, la sivyo nyuki watahama. Ukanijibu, "Nani mwalimu hapa?" Nikanyamaza, nikaendelea kukurekodi.

Sasa mama mmoja wa Rungwa ameniandikia. Alifuata somo lako neno kwa neno, na makundi yake yote manne yamehama. Nimjibu nini? Wewe huwezi kuulizwa tena.

Nilitaka kulifuta. Ila mkeo hulisikiliza kila Jumapili akitoka kanisani, apate kusikia sauti yako. Nikaenda nyumbani kwake, kule kijijini Mkiwa, nikamweleza yote. Aliendelea kuchambua mboga, kisha akasema, "Usimfute. Msahihishe. Mimi alinibishia miaka thelathini."

Nikarudi kurekodi. Mara ya kwanza kikaragosi changu cha humo kwenye kompyuta kilinasa ndani ya shina la mti, kikabaki kinapigapiga miguu. Mara ya pili niliongea dakika ishirini maikrofoni ikiwa imezimwa. Mara ya tatu umeme ukakatika. Nilikusema vibaya kidogo, unisamehe. Mambo hayo ya mitambo yalikuwa yako, na hukuniandikia hata mstari mmoja wa maelekezo.

Mara ya nne nikafaulu. Niliiacha sauti yako mpaka pale penye kosa, nikaisimamisha, nikasema, "Hapa mwalimu wangu alikosea, na mimi nilijua nikanyamaza." Nikaeleza kwamba masega yenye majana huachwa.

Yule mama ameitazama. Nyuki hawajarudi, ila ametundika mizinga upya, anangoja.

Pumzika, Mwalimu. Hasira zitaisha. Nyuki wakirudi na wakati wa kurina ukifika, nitapanda basi mpaka Rungwa, nisimame naye kwenye mzinga wa kweli, sega kwa sega, mpaka ajue lipi la kuchukua na lipi la kuacha. Hilo nakuahidi.

Mwanafunzi wako,
Rehema