Ndevu za Mwenyekiti

Jumanne, 4 Machi

Mwenyekiti amelazwa. Namwita hivyo hata humu, nimezoea. Sokoni wote wanamwita hivyo, na nyumbani hakubali kuwa kitu kingine. Mapafu yamegoma. Sigara zote zile alizovuta nyuma ya duka, akidhani sisikii harufu! Wamemfunga barakoa kubwa, pua na mdomo, na mashine inamsukumia hewa. Hawezi kuongea. Tangu tuoane, leo ndiyo mara ya kwanza nimemaliza sentensi mbele yake. Nilitaka kufurahi, nikaona midomo yake ina rangi ya majivu. Nikamvutia shuka kifuani.

Jumatano, 5 Machi

Mashine inalia kila mara. Hewa inavuja. Nesi amekaza mikanda, inavuja. Amebadilisha barakoa, inavuja. Mwishowe akaniita pembeni: Mama, tatizo ni ndevu, barakoa haishiki kwenye kichaka kile. Nikasema amwambie mwenyewe. Akamwambia. Mwenyekiti akashika kidevu kwa mikono miwili, kama mtu aliyeona kibaka. Kisha akaomba kalamu, akaandika neno moja: UCHAGUZI.

Uchaguzi wa soko ni mwezi ujao. Mabango yameshabandikwa — uso wake, ndevu zake, na chini: "Busara Mnaiona." Mimi ndiye ninayeipaka mafuta hiyo busara.

Alhamisi, 6 Machi

Daktari hakuzungukazunguka. Hewa chafu imejaa kwenye damu, ndiyo maana anasinzia hovyo. Barakoa ikishika vizuri, huenda akapona nayo. Isiposhika, watamlaza kwa dawa na kumwingiza mpira kooni, na kwa mapafu yale huenda usitoke tena.

Nikampigia shemeji mkubwa, kaka yake, ambaye pia ndiye meneja wa kampeni. Nilidhani atakuja na wembe. Akaitisha kikao!

Kikao kimefanyika kwenye benchi nje ya wodi. Shemeji mkubwa akafungua kwa kusema ndevu zile si za mtu mmoja, ni za familia. Shemeji mdogo, katibu, akauliza kama haziwezi kunyolewa za pembeni tu, za mbele zikaachwa kwa ajili ya picha. Mwingine akapendekeza gundi. Nikasema jamani, mtu anakufa humo ndani. Nikaombwa nisubiri, nitapewa nafasi kwenye mengineyo. Kabla ya mengineyo kikao kikaahirishwa, akidi haijatimia. Mjomba yuko safarini.

Nimelia chooni. Kisha nimenawa, nimerudi kukaa naye.

Ijumaa, 7 Machi

Leo hakuitikia salamu. Nilimtikisa sana ndipo akafungua jicho moja. Daktari akasema barakoa imeshindwa, waandae mpira. Nesi akamwomba: tumnyoe kwanza, tujaribu mara ya mwisho. Daktari akakubali, lakini haraka. Wembe nesi alikuwa nao mfukoni tangu juzi.

Nikamwinamia sikioni. Mume wangu, nakunyoa. Kama hutaki, nifinye mkono. Hakufinya. Sijui alikubali au alikuwa amelala. Naogopa.

Tumenyoa upande wa kushoto. Hawezi kukaa muda mrefu bila mashine, kwa hiyo nesi amemrudishia barakoa apate pumzi kwanza. Ndiyo maana nimepata nafasi ya kuandika. Chini ya busara kuna kidevu kidogo, laini, chenye kishimo. Kumbe binti yetu alikitoa huku! Miaka yote nasema amefanana na upande wetu. Nampenda mtu huyu mjinga.

Upande ulionyolewa hauvuji tena. Wa kulia bado unapiga mluzi.

Shemeji mkubwa yuko mlangoni. Mjomba amefika, akidi imetimia, kikao kimeamua: ndevu zibaki hadi kura zihesabiwe. Nesi anamwambia atoke, yeye anamsomea azimio.

Mwenyekiti amefungua macho, yote mawili. Amemtazama kaka yake. Ameutazama wembe. Sasa anageuza kichwa taratibu, ananiletea shavu la kulia —