Lenzi Nyepesi na Bega la Baba Yako

Mbweni,
Dar es Salaam.
Jumapili, 9 Februari 2025

Mpendwa mwanangu Hayat,

Assalaam alaykum warahmatullah. Naomba karatasi hii ikukute mzima huko Maskati, wewe na mumeo Hilal na wajukuu zangu. Miguu yako vipi? Mara ya mwisho ulisema inavimba ukisimama sana kazini. Uwe unaiinua juu ya mto ukilala, na usikae kwenye kiyoyozi kutwa nzima.

Sie huku hatujambo, isipokuwa magoti yangu, na hayo ni ya siku zote. Joto la mwezi huu linatukaanga. Lulu amepata kazi ya kushona sare za shule, amekuwa bosi humu ndani, ananifokea kuhusu chumvi kama vile mie ndiye niliyezaliwa na yeye.

Mama yako hajambo. Eda aliyokaa kwa ajili ya mdogo wangu Talha inaisha keshokutwa Jumanne. Wanawake wa Manzese wameshaanza kupanga mapishi na nguo atakayovaa akitoka. Nimemtumia unga na mafuta, mchele ameukataa, anasema upo.

Utashangaa kuona barua. Lulu aliniambia, baba, mrekodie Hayat sauti kwenye simu, dakika mbili umemaliza. Nimekataa, na mie nikikataa unanijua. Nina jambo ambalo sauti yangu haiwezi kulibeba. Nimeishia darasa la tatu, mwandiko wangu ni kama kuku wamepita, lakini nimeandika mwenyewe, leo siku ya tatu. Twalib, jirani yetu, anasafiri Jumatano, atakukabidhi mkononi.

Nianze na lenzi. Ilifika salama tangu Desemba. Ilikaa chini ya kitanda mwezi mzima sijaifungua. Lulu alikuwa akifagia anaisogeza, anairudisha. Nilikuwa sitaki kuiona, na sababu yake utaiona hapo mbele.

Unakumbuka ulipokuja likizo mwaka juzi ukanionyesha picha yake kwenye simu. Ukasema, ba'mkubwa, hii inavuta mbali kama ile lenzi yako kubwa, ule mzinga wako, na uzito wake si hata nusu, nikununulie? Nikakucheka mbele za watu. Nikasema hicho ni cha kupigia maharusi, lenzi ya kazi lazima ukiishika mkono ujue umeshika kitu. Baba yako alikuwa amekaa pale kwenye jamvi anamenya chungwa. Aliendelea kumenya.

Na majivuno nilikuwa nayo kwa haki, mwanangu, hilo siliondoi. Kutoka Temeke mpaka Bunju hakuna aliyepiga picha ya mnyama kama mie. Chui wa Mikumi nilimpata juu ya mti anapiga mwayo, ukitaka kuhesabu meno unayapata yote. Wazungu walisimamisha gari wakaniuliza natumia stendi gani ya kamera. Nikawaonyesha Talha.

Hiyo kazi unaijua, lakini acha niiandike, siku moja wanao watataka kuijua. Mzinga wangu una kilo nne kasoro, mtu hawezi kuushika mkononi akausubiri mnyama. Wenzangu wote walinunua stendi za miguu mitatu. Mie sikununua. Nilikuwaga nasema stendi ni ya watu wasio na ndugu. Baba yako alisimama mbele yangu, amenipa mgongo, mzinga naulaza juu ya bega lake la kushoto juu ya kitambaa kilichokunjwa. Nikimgonga kwa kidole mara mbili chini ya shingo, anakata pumzi, maana pumzi ya mtu inatikisa picha. Nikishapiga namgonga mara moja, anapumua. Miaka thelathini na moja tulifanya hivyo. Tembo, nyati, heroe, na harusi za Tandale pale nilipotaka kuwapata maharusi kutoka mbali bila wao kujua. Bega la Talha halikutikisika hata siku moja. Watu walinisifia mie. Mie nilipokea.

Basi mwezi uliopita Lulu alikwenda sokoni, nikalitoa boksi, nikalifungua. Juu yake nikakuta kile kikaratasi chako. Nimekisoma kwa herufi moja moja. Umeandika kwamba lenzi hii aliiomba baba yako mwenyewe, tangu Ramadhani ya mwaka jana, kwamba bega limechoka na usiku halimpi usingizi, ila akakukataza kuniambia kuwa yeye ndiye aliyeomba, kwa kuwa nitakasirika. Ukasema pole kwa kuchelewa kuituma.

Hukuchelewa wewe, Hayat. Kama ungeituma Ramadhani ile ningeirudisha na maneno juu.

Nikakaa siku kadhaa. Halafu Jumatano iliyopita asubuhi nikaivisha kwenye kamera, nikaenda nayo kwenye majaruba ya chumvi kule chini, penye mikoko, kule nilikokuwaga naenda na baba yako. Msimu huu ndege wa kutoka mbali wamejaa, sululu na kitwitwi wanatembea kwenye maji ya chumvi kama watu sokoni.

Gozbert, yule Mhaya mlinzi wa majaruba, akaniona.

"Shikamoo mzee Mashaka. Leo umekuja na tochi?"

"Marahaba. Tochi ya babu yako."

"Mbona ndogo? Mzinga umeuuza?"

"Mzinga hauuzwi. Nenda kalinde chumvi yako."

Akacheka, lakini hakwenda. Alisimama nyuma yangu kidogo, mikono nyuma.

Nikuambie ukweli kuhusu lenzi, kwa vile umetoa jasho lako kuinunua. Ni nyepesi kama chupa ya chai iliyokwisha chai. Nilipoinyanyua mara ya kwanza mkono ulipaa juu wenyewe, maana ulishajiandaa kwa kilo nne. Inavuta mpaka unaona maji yakidondoka mdomoni mwa ndege. Lulu alinisomea maelezo, anasema ndani mna kioo kinachocheza chenyewe kupinga mtetemo wa mkono. Penye kivuli cha mikoko inazidiwa, mzinga unakula giza vizuri zaidi, na pete yake ya kuvutia imelegea kwa mtu mwenye vidole vizito kama mie. Lakini mzee wa miaka sabini na minne anaweza kuishika saa nzima bila kusaidiwa na mtu. Hilo ndilo lililoniumiza.

Furukombe, yule tai mla samaki niliyekuwaga nampania na baba yako, alikuwepo. Yule yule, kwenye mkoko ule ule uliokauka. Alikuwa ameangalia upande wetu. Nikainyanyua lenzi, nikamweka katikati, na mkono wangu wa kushoto ukaacha lenzi ukaenda mbele, ukagonga mara mbili.

Gozbert akasema taratibu, "Mzee, unamgonga nani?"

Nilishaikata pumzi mwenyewe. Nikapiga, furukombe akaruka.

Picha hiyo nimekufungia humu, nimeiosha pale Manzese karibu na studio yangu ya zamani. Itazame. Manyoya ya kifuani unaweza kuyahesabu. Imetulia kuliko picha zote nilizowahi kupiga, na mkono uliopiga ulikuwa unatetemeka kama wa mtu mwenye homa. Lenzi yako imeficha.

Sasa jambo lenyewe.

Mie niliwaambia nyote kwamba baba yako alianza kuumwa nyumbani. Nilikwambia wewe kwenye simu, nilimwambia mama yako, niliwaambia watu msibani. Si kweli.

Ile Alhamisi, siku moja kabla hajafariki, tulikuwa majarubani. Nilikuwa namtaka furukombe huyo huyo, wiki ya pili nampania. Tulisimama kwenye tuta la chumvi toka saa moja mpaka jua likawa kali. Baba yako akasema, "Kaka, mkono huu umekufa ganzi."

Nikamwambia ubadilishe miguu.

Baadaye kidogo akasema tena, "Kaka, na kifua kinabana. Twende tukapumzike kwa Gozbert."

Nikamwambia, "Simama, Talha. Ndege hakungoji wewe upumzike." Ndiyo maneno yangu, sijaongeza wala sijapunguza. Naye alisimama, kwa sababu tangu tukiwa wadogo nikimwambia simama anasimama.

Furukombe akatua. Nikamgonga mara mbili. Akakata pumzi. Nilipiga picha kumi na moja. Halafu nikauondoa mzinga begani kwake nikaanza kuangalia kwenye kioo cha kamera kama zimetulia. Zote zilikuwa na ukungu. Nikasema, "Umetikisika leo, umeniharibia." Hakujibu. Ndipo nikakumbuka kwamba sijamgonga ile ya mara moja. Nilipogeuka alikuwa amepiga magoti kwenye chumvi, uso umekuwa wa majivu.

Gozbert ndiye aliyemshika mkono mpaka barabarani. Baba yako mwenyewe alikataa hospitali, akasema ni jua, na mie badala ya kumlazimisha nikafurahi kwamba amesema ni jua. Nyumbani alikunywa maji akalala. Kulipokucha mama yako alishindwa kumwamsha vizuri, tukamkimbiza hospitali, na Ijumaa hiyo kabla ya adhana ya adhuhuri alikuwa ameshaondoka.

Pale makaburini shehe aliuliza kama tumemsamehe marehemu. Watu wote wakasema tumemsamehe. Mie nilifungua mdomo, halikutoka neno. Walidhani ni uchungu wa kaka mkubwa, wakanishika mabega. Nilikuwa nawaza kwamba mimi ni nani wa kumsamehe yule, na yeye sasa nani atamuuliza kama amenisamehe mie.

Zile picha kumi na moja sikuzifuta. Juzi nimeziangalia zote tena, kutoka ya kwanza hadi ya mwisho. Ya kwanza ina ukungu kidogo. Ya pili umezidi. Kufika ya kumi na moja ndege haonekani kuwa ni ndege. Mzinga ulinionyesha ndugu yangu anavyokwisha, picha kwa picha, nami nikasema ni picha mbaya. Hiyo ya kumi na moja nayo nimeifunga humu. Usimwonyeshe mtu. Au mwonyeshe, utakavyo wewe.

Sikuandikii ili nikutishe, wala sitaki unionee huruma kwa uzee. Mwezi mtukufu unakaribia, watu wanaombana radhi, na mie nimefika kwako mkono mtupu. Naomba radhi, mwanangu. Ya maneno yale, ya kukucheka mbele za watu ulipotaka kumpunguzia baba yako mzigo, na ya uongo wa miezi minne. Ukiona huwezi, sitakulaumu, na sitakutuma mtu wa kukubembeleza.

Mama yako nitamwambia mwenyewe. Jumanne watakapomaliza kumtoa eda na watu wakipungua, nitakaa pale kwenye jamvi nimweleze kama nilivyokueleza. Nimechagua nimwambie kabla barua hii haijakufikia, usije ukabeba siri yangu wewe peke yako ugenini. Akinifukuza nitatoka. Lulu nimemwambia jana usiku. Alilia, halafu akanipikia uji.

Lenzi nimeirudisha kwenye boksi lake, nimeifuta vizuri, haina hata alama ya kidole. Twalib atarudi baada ya Idi. Ukinipa radhi, nitaitoa niende nayo Mikumi mara moja kabla miguu haijanikataa, nimpigie baba yako tembo, yeye alipenda tembo kuliko ndege. Usiponipa, mwambie Twalib tu aichukue akuletee safari yake nyingine, sitamuuliza kitu. Mzinga sitaunyanyua tena, hakuna pa kuulaza.

Nisalimie sana Hilal, mwambie lile shati alilonitumia linanitosha, Lulu amepunguza mikono. Wabusu wajukuu, yule mkubwa mwambie babu yake Talha ndiye aliyenipatia chui wa Mikumi, si mie. Shangazi yako Najat anakusalimu, na Ahlam binti yake pia, amejifungua mtoto wa kiume, wamemwita Talha.

Mwenyezi Mungu akuhifadhi, akupe afya ya miguu yako, ampanulie baba yako kaburi lake, na atufikishe Ramadhani tukiwa tumeshikana.

Nami tangu ile Alhamisi nimekata pumzi, Hayat. Nangoja unigonge mara moja.

Ni mie ba'mkubwa wako, anayekupenda hata kama hutaki,

Mashaka